Mafuta ya Viazi Karai

Kila alasiri akitoka shule, Mapenzi humkuta mamake kibarazani mwao, mtaani Chaani, akikaanga viazi karai vya kuuza, vile vinavyochovywa katika unga. Hubadilisha sare, huosha masufuria, kisha huchukua dumu la mafuta yaliyochakaa na kumpelekea Mzee Baya, ambaye huyatumia kutengenezea sabuni. Angalau ndivyo mama alivyodhani. Kwa Mzee Baya ni mbali, na wenzake Mapenzi huwa wameshaanza kucheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira na kuukwepa. Kwa wiki tatu sasa alikuwa akiyamwaga mtaroni nyuma ya nyumba.

Jumamosi moja dadake Eddah, anayesomea biashara chuo kikuu, alikuja nyumbani na daftari.

"Mwalimu wetu ametutaka tuchague biashara moja," alisema, "tufuate kila kinachotoka humo mpaka tujue kinaishia wapi. Mimi nimechagua ya mama. Haya, mdogo wangu, mafuta machafu huenda wapi?"

"Kwa Mzee Baya," Mapenzi alijibu, macho chini.

Eddah aliandika, akamshika shavu. "Nitalitaja jina lako darasani."

Mchana ule Mapenzi hakula vizuri.

Jioni jirani yao, Bi Zuleikha, alibisha hodi akiwa amempakata bata. Manyoya yalikuwa yamegandamana kwa mafuta, hata mbawa hakuweza kuzikunjua.

"Mama Eddah, wallahi sikuja kugombana," alisema. "Ninao wanne hali hii hii. Waliingia mtaroni, na sijui ni nani anayemwaga mafuta mle."

"Si sisi, jirani," mama alisema. "Yetu hupelekwa kwa Mzee Baya."

"Ni mimi," Mapenzi alisema. "Nilikuwa nayamwaga ili niwahi kucheza. Nisamehe, Bi Zuleikha. Dada, nawe nilikudanganya."

Bi Zuleikha akampa yule bata. "Basi mshike vizuri. Twende tukawaoshe."

Wakawaosha wote wanne kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, Eddah akicheka kila alipodonolewa. Baadaye Eddah akauchana ule ukurasa, akaandika upya mambo yalivyokuwa. Tangu Jumatatu, dumu lilifika kwa Mzee Baya kila siku, na kati ikachezwa baadaye.

Wiki mbili zilipopita, mwalimu wa Eddah, Daktari Nguma, alikuja kujionea. Mapenzi alimwamkia shikamoo, akajificha nyuma ya mama.

"Marahaba. Ni wewe uliyesema kweli?"

"Ni mimi."

"Ripoti nyingi nilizosoma zilikuwa safi mno, sikuziamini. Hii niliiamini." Akachukua kiazi, akakitafuna taratibu. "Mwanangu, mtu akiuza viazi vizuri namna hii huku bata wa jirani wakiumia, bado hajapata faida. Amemtwika mwingine hasara yake. Nami siwezi kuwafundisha wanafunzi wangu kuiona hasara hiyo, ikiwa anayeijua amenyamaza."

Mama akamvuta Mapenzi mbele kwa upole, akamkabidhi bakuli la mchuzi wa ukwaju amwongezee mgeni.