Upande wa Pili wa Katoni

Siku ya soko Rumonge, anayevaa viatu vyeupe ameyataka mwenyewe. Mansuri alishuka kwenye basi la Bujumbura na vyake vyeupe pe, mkoba wa nyaya begani, akakanyaga pale pale ambapo bidoni ya mtu ilikuwa imemwaga mafuta ya mawese. Sharifa, aliyekuwa akichagua ndagala, samaki wadogo wakavu, kwenye meza ya mama Wema, alicheka hadi mtandio wake wa zambarau ukamteleza kichwani.

"Amahoro, dada," Mansuri akasema. "Ukimaliza kunicheka, unionyeshe studio ya marehemu Anwari."

"Ni kwetu. Ni wewe fundi wa serveri?"

"Nilikuwa fundi. Sasa ni sambusa."

"Sambusa haina miguu mirefu hivyo. Twende."

Mzee Anwari alikuwa amepiga picha harusi zote za pwani ile, na zote zilikaa ndani ya serveri moja, sanduku la chuma chini ya meza, limefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Kwa mbele mzee alikuwa amebandika kipande cha katoni: USIZIME. Miaka sita tangu afariki, Sharifa hakuizima. Umeme ukikatika, betri za sola zilishika kazi. Mashine ikiomba kuboreshwa, alibonyeza "Baadaye". Sasa ilikuwa imechoka, picha moja ilifunguka kwa nusu saa, na Sharifa hakulala vizuri. Mpiga picha wa watu wote hakuacha nyumbani sura yake, ila ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha. Kama baba yumo popote, yumo humo.

Siku mbili Mansuri alifanya kazi, na Sharifa akauliza kila kitu.

"Hii inapumua?"

"Inapumua. Wewe umeifunika kitambaa."

"Ni heshima."

"Heshima yako inaikaba koo."

"Na ukiinama hivyo, unasikiliza nini?"

"Diski. Inakwaruza, iko karibu kufa. Nanakili kwanza, halafu tutaongea mengine."

"Mengine gani?"

Mansuri alitazama nyaya zake, akatabasamu.

Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, Sharifa alirudi na wali na samaki mukeke wa kukaanga. Mlangoni akasimama. Ule mvumo wa miaka sita haukuwepo. Katoni ilikuwa imebanduliwa.

"Umeizima."

"Nimezima nibadilishe diski. Sharifa, sikia kwanza..."

"Neno la mwisho la baba yangu, umelibandua kama bei ya sabuni. Toka."

Alitoka bila hata kunawa mikono.

Sharifa alikaa, akalia, chakula kikapoa. Mwishowe akachukua gundi ili airudishe katoni mahali pake. Alipoigeuza kupaka gundi, akaona mwandiko wa baba kwa penseli, umefifia: *kabla hujanakili. Ukishanakili yote, mwanangu, izime ipumzike.* Kando yake ilikuwa diski, na karatasi ya Mansuri juu yake: *Nakala. Imetimia.*

Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Magara. Basi limesimama, watu wananunua samaki."

"Shuka."

"Umesema nitoke."

"Nimesema utoke dukani, sikusema utoke Rumonge. Wali wako umepoa."

Alirudi na viatu vya rangi ya mawese. Akafunga diski mpya, akahamisha picha zote, kisha Sharifa akabonyeza kitufe mwenyewe. Mashine iliguna, ikaomba kuboreshwa, na safari hii akabonyeza "Ndiyo". Walingoja wakila sahani moja, Mansuri akimsukumia minofu.

Jioni, folda iliyoitwa *Mwanga*, ambayo programu ya zamani ilikataa kuifungua siku zote, ikafunguka. Alikuwa baba. Kabla ya kila harusi alijaribu mwanga kwa kujipiga mwenyewe: baba mbele ya zulia jekundu, baba ameshika maua ya bibi harusi, baba amekunja jicho kwa jua la ziwani. Mamia.

Sharifa akagusa kioo. "Sharubu zake zilikuwa zimekaa upande. Nilikuwa nimesahau."

Mansuri alisogeza sahani pembeni. Kisha akasema polepole, "Barua ya posa hupelekwa kwa baba wa binti. Mimi nipeleke kwa nani?"

Sharifa hakugeuka kutoka kwenye picha, lakini mtandio ulikuwa umeteleza tena.

"Kwa mjomba Mustafa. Na uandike upande mmoja tu. Sisi hapa hatuna desturi ya kugeuza karatasi."