Kitufe Ambacho Hashiru Hakukiona

Stesheneri ile ya Maili Moja, Kibaha, ilikuwa imejaa wanafunzi wanaoomba vyuo, wazazi wanaowagombeza, na printa inayokwama kila ikiguswa. Kwenye kompyuta ya pembeni alikaa mwanaume anayegombana na skrini. Shati lake la kitenge lilikuwa limenyooshwa vizuri, lakini viatu vilikuwa na vumbi la Maneromango, kijijini anakofundisha. Huyo ni Hashiru, mwalimu wa hesabu wa sekondari, aliyejitwika kazi ya kuitengenezea shule yake tovuti bila kuombwa na mtu.

Nyuma yake alisimama Siwema, abaya ya zambarau, raba nyeupe, kompyuta mpakato kwapani. Yeye kutengeneza tovuti ndiyo kazi yake, na watu wa kazi hiyo wana ugonjwa mmoja: hawawezi kuona ukurasa uliopinda wakanyamaza.

"Samahani kaka, menyu yako imemkalia mkuu wa shule usoni."

"Naiona, dada. Tangu asubuhi nafuta, naandika upya, haibanduki."

"Unabahatisha. Hebu sogea." Akabonyeza F12. Upande mmoja wa skrini ukafunguka, matumbo ya ukurasa yakawa nje, mstari kwa mstari. "Hivi ni vifaa vya kukagulia. Ukigusa kitu, kinakuonyesha kimeandikwa wapi. Ona, menyu umeiambia ikae juu ya kila kitu."

Akabadili namba moja tu. Mkuu wa shule akatokeza pichani na masharubu yake yote. Hashiru wala hakumtazama mkuu wa shule, alikuwa anamtazama Siwema. Mimi simlaumu.

"Sasa nikifika nyumbani nitumie brauza ipi?"

"Kujengea tumia Chrome, vifaa vyake vimekamilika. Ukifika kwenye kupanga safu, Firefox inakuchorea mistari unaiona kabisa. Kuandikia, weka VS Code. Ila ukimaliza, jaribu kwenye brauza zote, na kwenye simu. Hasa simu ya mtu mwingine."

"Simu yangu mimi hii hapa." Akamwonyesha kivinjari kidogo cha kubana bando. "Kwetu mtandao ni wa kubembeleza. Hiki kinaacha madoido, kinaniletea maneno tu."

"Hicho ndicho kinachotuumbua mafundi," Siwema akacheka. "Usikifute."

"Kwani wewe unazo brauza ngapi?"

"Tatu."

"Na wachumba?"

"Tulikuwa kwenye brauza, mwalimu. Usihamishe mada."

Lakini namba alimpa.

Basi mapenzi yakaanza, na wenyewe walijifanya ni masomo. Jioni Hashiru husimama nyuma ya jiko la shule, mahali pekee pale shuleni mtandao unaposhika, nguo zikinuka moshi, anapiga simu Mbwawa, kwa kina Siwema, kuuliza habari za safu na rangi. Wiki chache tu, habari za safu zikaisha.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Lakini sauti yako ndiyo sijashiba."

"Mtu wa hesabu wewe, maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Nimekopi sehemu, nimepesti."

Jumamosi anamletea mananasi, wanakaa kibarazani, Siwema anacheka kuliko anavyokula. Kila kitu alikisema Hashiru, ila ndoa. Neno hilo hakuligusa kabisa, na Siwema alianza kuumia moyoni.

Ndipo shangazi yake, Bi Maua, alipomwita chumbani.

"Jumapili wazee wa Dulla wanakuja kuchukua jibu la posa yao. Baba yako amechoka kuwazungusha. Kama una mtu wako, watu wake watangulie. Wasipokuja, mzee anampa Dulla neno lake, na unamjua baba yako akishatoa neno."

Siwema alimpenda Hashiru, na Dulla hakuwa na kosa lolote isipokuwa kutokuwa Hashiru. Lakini mtoto wa kike aliyelelewa na Bi Maua hamwambii mwanaume njoo unipose kwa kinywa chake, hata awe na kompyuta kumi. Akaamua ukurasa useme kwa niaba yake.

Alihangaika nao siku nzima. Juu kabisa aliweka kichwa cha habari kikubwa: "Hashiru, hatuwezi kuendelea hivi." Halafu, kwa JavaScript, lugha inayoupa ukurasa madoido, maneno mengine yalikuwa yanajiandika taratibu: wazee wa Dulla wanakuja Jumapili, na mimi ninayemtaka ni wewe. Mananasi madogo yanashuka kutoka juu, mwisho kinatokea kitufe cha kijani: "Nawaleta wazee." Aliufungua kwenye Chrome yake, akautazama tena na tena mpaka ukamliza mwenyewe. Alhamisi jioni akamtumia Hashiru kiungo.

Jibu lilikuja upesi. "Nimeelewa, Siwema. Nakutakia kila la heri." Siwema akapiga, simu imezimwa.

Jamani, moyo ulimwuma yule binti. Kwanza alilia, halafu akakasirika, halafu akalia tena kwa sababu hasira haikumsaidia.

"Mwanaume mzima anaitwa, anajibu kama anamuaga mtumishi anayehama kituo," alimwambia binamu yake Anifa, Ijumaa asubuhi.

"Nitumie na mimi nione ulimwandikia nini." Anifa, ambaye bando lake siku zote liko mwishoni, akaufungua kwenye simu yake. Akakunja uso. "Sasa unalia nini, na wewe ndiye uliyemwacha?"

"Nani kamwacha nani?"

"Si hii hapa: 'Hashiru, hatuwezi kuendelea hivi.' Basi, chini ni peupe."

Siwema akaipokonya simu. Kivinjari ni kilekile cha kubana bando. Akakimbilia kompyuta, akabonyeza F12, akazima JavaScript, akaupakia ukurasa upya. Peupe. Mapenzi yote, mananasi, kitufe, vyote vimepotea, umebaki ule mstari mmoja mbaya.

"Wewe uliujaribu kwenye brauza gani?" Anifa akauliza.

"Yangu," alisema Siwema, akajifunika uso kwa mtandio.

Alipiga simu mpaka usiku, bado imezimwa. Jumamosi akapanda bodaboda, akapita Kisarawe mjini, akaingia njia ya Maneromango yenye mashimo ya kutosha kumng'oa mtu meno. Alifika abaya imegeuka rangi. Hashiru alikuwa kwenye nyumba ambayo haijaisha, kavaa jezi kuukuu, anakoroga zege bila ya haraka, macho mekundu.

"Umefuata nini? Ujumbe wako niliupata."

"Ulipata mstari mmoja. Washa simu, ufungue tena."

Siwema alikuwa ameung'oa ukurasa madoido yote, ukabaki maneno matupu. Ulifunguka mara moja. Hashiru akausoma mpaka mwisho, akarudia.

"Huyu Dulla ni nani?"

"Mwalimu, katika yote hayo umemwona Dulla?"

Hashiru akaitupa sepetu. "Siwema, nilikuwa nangoja nimalize kuezeka hapa. Nilitaka nije kwa baba yako nikiwa na pa kukuweka. Juzi nilidhani umechoka kungoja."

"Nimechoka kweli. Kulikuwa na kitufe cha kujibia, nimekitoa. Nijibu kwa mdomo."

Hakumjibu yeye. Alimpigia mdogo wa baba yake, akaweka sauti ya nje.

"Ami Mwinyimadi, shikamoo. Ile kanzu yako ya Idi ni safi?"

"Marahaba. Nani kafariki?"

"Hakuna, ami. Kesho asubuhi na mapema tunakwenda Mbwawa kuposa."

"Kwa yule binti wa kompyuta? Si amekukataa? Hujala tangu juzi."

"Ni mtandao tu, ami."

Siwema akaichukua simu. "Shikamoo, ami. Si mtandao. Ni mimi, sikujaribu kwenye simu ya mwenzangu."

Ami hakuelewa hata kidogo, lakini sauti aliijua ni ya nani.

"Marahaba, mkwe," alisema. "Kanzu ni safi."

Siwema akakaa juu ya mfuko wa saruji, na abaya yake ya zambarau, akalia mpaka Hashiru akamletea maji.