Maoni ya Bi Fatu

"Samahani, mama. Hicho unachokisema hakimo kitabuni."

Aliyesema ni Jasmin, mwenyekiti wa chama cha wasomaji, na alisema kwa upole. Lakini upole wake haukuzuia kicheko. Kilianzia kwa vijana wa safu ya nyuma, kikaenea chumba kizima. Kilikuwa chumba cha nyuma cha maktaba ndogo huko Magomeni, Bagamoyo, ambako kila mwezi watu hukutana kuambiana walivyokiona kitabu walichokisoma.

Bi Fatu alikuwa bado amesimama. Alikuwa ametoka Mlingotini asubuhi, amevaa baibui lake la Idi.

"Hakimo vipi?" aliuliza. "Mwanaidi, yule mtalaka, anafika na sanduku lake. Mama mkwe anampokea, anamwambia, 'Ingia, mwanangu, talaka si ukoma.' Na mimi maoni yangu ni hayo hayo. Mama mwenye akili hamkatai mkwe kwa sababu aliwahi kuachwa."

"Bibi, anamfukuza!" alidakia kijana mmoja. "Sura ya tisa. Anamtupia nguo nje!"

"Labda bibi alikishika kichwa chini miguu juu," mwingine akanong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika na wote.

Kicheko kikarudi upya. Ashatu, aliyekaa kando ya Bi Fatu, aliinama mpaka kidevu kikagusa kifua. Uso ulimwaka. Yeye alijua sura ile imetoka wapi. Ilitoka kichwani mwake.

Macho ya Bi Fatu hayaoni tena herufi ndogo. Kwa hiyo jioni, yeye na wanawake wenzake wakiwa wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba, Ashatu alikuwa akiwasomea. Alikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya msingi, na alikuwa mchumba wa Mikdad, mtoto wa pekee wa Bi Fatu, ingawa posa ilikuwa bado haijapelekwa. Kitabu kilikwenda vizuri mpaka sura ya tisa. Hapo ulimi ukamwia mzito, kwa sababu Ashatu mwenyewe ni mtalaka. Aliolewa Makurunge alipomaliza kidato cha nne, na mwaka haukwisha akarudishwa kwao.

Mikdad alijua. Tena ni Mikdad aliyemwambia, "Usimwambie mama kwanza. Ananitakia mwali. Tukishafunga ndoa atazoea."

Basi jioni ile Ashatu aliruka yaliyoandikwa, akatunga yake. Wanawake walipiga vigelegele. Bi Fatu alifuta machozi kwa pembe ya kanga. Na Ashatu alirudi kwao moyo umetulia, kana kwamba amekwisha kubaliwa.

Sasa alisimama. 

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemsomea. Nilibadilisha."

"Ulibadilisha kwa nini?" Jasmin aliuliza.

Ashatu aligeuka kumtazama Mikdad, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mikdad alikuwa anatazama simu yake.

"Niliona ile sura inahuzunisha," alisema, na hata yeye alisikia jinsi jibu lake lilivyokuwa jepesi.

Bi Fatu alichukua mkoba wake.

"Ungeniambia tu nisije, mwanangu," alisema taratibu, akatoka. Mikdad akamfuata bila kugeuka nyuma.

Jioni ujumbe wa Mikdad uliingia kwenye simu ya Ashatu.

"Mama hali wala hasemi. Kwa nini umemfanya achekwe?"

"Unajua kwa nini."

"Usithubutu kumwambia. Acha yapoe kwanza."

"Ulikuwa mlangoni, Mikdad. Hukusema hata neno moja."

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja.

Asubuhi Ashatu alikwenda Mlingotini, kitabu kikiwa kwenye mfuko. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalimtoroka.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Fatu hakuinua uso. Alikuwa jamvini na kamba zake, pamoja na jirani yake Dija.

"Msomaji wetu huyo!" Dija alisema. "Leo umetuletea kitabu gani, cha karatasi au cha kichwani?"

"Dija, kachote maji," alisema Bi Fatu.

"Maji mbona yapo tele?"

"Kachote mengine."

Dija aliondoka akicheka. Bi Fatu alisogea, Ashatu akapata pa kukaa.

"Nisomee ile sura. Kama ilivyo."

Ashatu alisoma. Alisoma mama mkwe akimwambia Mwanaidi, "Sikumlea mwanangu aje kula makombo ya mwanamume mwingine." Alisoma nguo zikitupwa uani. Alisoma, "Mwanaidi alimtazama mumewe. Mumewe akatazama ukuta." Hapo aliacha kusoma.

"Huyo mume ni hovyo kuliko mamake," alisema Bi Fatu. "Na wewe ulinificha haya kwa nini? Uliniona mtoto, nitaota usiku?"

"Kwa sababu na mimi ni mtalaka, mama."

Kamba ilimponyoka Bi Fatu.

"Unasemaje?"

"Niliolewa Makurunge, nikaachwa. Nilitaka kujua utasema nini. Niliona haya kukuuliza, nikamtanguliza Mwanaidi."

 Bi Fatu aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kumbe jioni ile nilikuwa mtihanini. Mimi nacheka, mimi nalia, wewe unanisahihisha. Jana nimerudi hapa najiuliza kama akili zangu zimeanza kuniaga. Hicho ndicho kinachoniuma, Ashatu. Umenifanya nijione mjinga mbele ya watoto wa watu."

"Nisamehe, mama. Sina pa kuuweka uso wangu."

"Sijafika huko kwenye kusamehe. Mikdad anajua?"

Ashatu alisita. "Anajua."

"Na ndiye aliyekwambia ufiche?"

Ashatu alitazama chini.

"Umeshajibu. Nipigie simu yake."

Simu iliita, ikapokelewa.

"Mikdad, njoo nyumbani."

"Mama, niko dukani na mteja..."

"Mteja hajakuzaa. Njoo!"

Mikdad alifika anatweta. Alipomwona Ashatu na kitabu, rangi ilimtoka. Mamake hakumpa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Chukua hicho kitabu. Soma hapo kidole cha Ashatu kilipo."

Alisoma, mwanzo kwa haraka, kisha polepole. Alipofika pale mume anapotazama ukuta, alinyamaza.

"Endelea."

"Mama..."

"Jana mamako anachekwa. Mchumba wako anabeba lawama peke yake. Wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Simu."

"Kulikuwa na nini kwenye simu?"

"Hakukuwa na kitu, mama."

Alipiga magoti pale pale mlangoni. "Mimi ndiye niliyemwambia afiche. Niliogopa utamkataa. Ulisema unanitakia mwali."

"Nilisema, ndiyo. Nilisema kabla sijamjua binti mwenyewe. Ungeniuliza tena, hukuniuliza. Umenipangia jibu."

Kisha akamgeukia Ashatu.

"Jana nilisimama nikatoa maoni yangu. Wakacheka, eti hayamo kitabuni. Haya, hayamo. Lakini sikuyatoa kitabuni, niliyatoa hapa." Alijigusa kifua. "Ni yangu, na leo sijayabadilisha."

Ashatu alijifunika uso kwa kanga, machozi yakamshinda.

"Usilie, bado nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka nichoke mwenyewe. Lakini nitakukasirikia ukiwa mkwe wangu." Bi Fatu aliokota kamba yake. "Ijumaa mjomba Kibwana atapeleka posa. Atasema mbele ya wazee kwamba binti ni mtalaka, tunajua, na tunamtaka. Na wewe Mikdad utakwenda naye, utasema vivyo hivyo kwa mdomo wako."

"Mama, mwenye kuposa haendi siku ya posa. Hasemi kitu. Watu watanicheka!"

"Wakucheke. Mimi nimechekwa jana na bado ni mzima. Umenyamaza vya kutosha."

Ijumaa baada ya sala, wazee walikaa barazani kwa kina Ashatu. Mjomba Kibwana alisema yake, kisha akamgusa Mikdad begani. Watu walitazamana, mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Ashatu ni mtalaka," alisema Mikdad. "Nilijua tangu mwanzo, nikamwambia afiche, nikamwacha aaibike peke yake. Ninaomba radhi kwake na kwenu. Na ninamtaka."

Sauti ilimtetemeka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Lakini aliyasema yote, mpaka mwisho, na Ashatu aliyekuwa ndani nyuma ya pazia aliyasikia.