Vidonda Ambavyo Havikuwa Vidonda

Miaka yote nyumbani kwao Barking, ughaibuni, Abdulsamad alikula maandazi mawili kwa chai ya maziwa kila asubuhi. Sasa andazi moja lilimshinda. Alimega, akatafuna, akaligeuza mdomoni, mwisho akalitema kwenye kitambaa. Suruali zake alizifunga kwa mshipi wa mjukuu.

Bintiye Ummukulthum alijua sababu. Mwenye tumbo hakujua.

Mwezi uliopita daktari alisema wazi: saratani ya tumbo, na imeshafika kwenye ini. Hospitali ilitaka kumleta mkalimani. Ummukulthum akakataa. "Mimi mwanawe natosha." Kisha akamgeukia baba yake. "Vidonda vya tumbo, baba."

Kwao ndivyo walivyozoea tangu Unguja. Mgonjwa hapewi habari nzito, asije akakata tamaa. Basi mzee aliyefanya kazi na kulipa kodi miaka arobaini akafanywa mtoto ndani ya mwili wake mwenyewe.

Daktari akataka kipande kingine cha uvimbe, kitolewe tena kwa mpira wa kumezwa. Cha kwanza kilikuwa kidogo mno kupimwa. Abdulsamad akagoma.

"Nimemezeshwa mpira ule mara moja, yatosha. Vidonda gani hivi vya kuchokolewa mara mbili? Niletee habbasoda yangu na asali."

Wiki tatu zikapotea hivyo. Ndipo akapiga simu Philippe, muuguzi wa saratani, Mkongo wa Bukavu.

"Dada, baba hajakuja. Bila kile kipande hatujui tumpe dawa gani."

"Hataki."

"Hataki, ao hajui?"

"Hajui," Ummukulthum akasema. "Kesho namleta."

Kesho yake baba, binti na Philippe walikaa katika chumba kidogo cha hospitali. Ummukulthum alilisema mwenyewe. "Baba, si vidonda. Ni saratani. Nilikuficha."

Mzee alitazama viatu vyake.

"Kaka yangu alipochukuliwa kwenye mapinduzi ya sitini na nne," akasema, "mama aliambiwa kasafiri. Miaka kumi na moja akimwekea sahani. Mtaa mzima wanajua, yeye hajui. Kisa hiki umekisikia tangu mdogo. Na wewe nawe ukanambia kasafiri."

"Nisamehe, baba."

"Baadaye. Wewe Mkongo, sema. Usinitilie sukari."

Philippe akasogeza kiti. "Papa, kuna kemo, dawa kali ya saratani. Inapiga chembe zote za mwili zinazokua haraka, za ugonjwa na hata zako nzima. Lakini uvimbe wa watu wengine, kama mmoja katika watano, una protini nyingi juu ya chembe zake. Inaitwa HER2. Kuna dawa inayolenga hiyo protini na kuishika. Ukiwa nayo, tunakupa dawa hiyo pamoja na kemo. Mbili pamoja zinafanya kazi vizuri kuliko kemo peke yake. Ukiwa huna, hiyo haikufai, tutatafuta njia ingine. Kile kipande ndicho kinatuambia."

"Nitapona?"

"Hapana, Papa. Imeshatoka tumboni. Tunatafuta muda, na chakula kipite."

"Kiswahili chako kibovu," mzee akasema, "lakini hakinidanganyi. Leta huo mpira."

Majibu yalikuja: HER2 ilikuwa nyingi. Walimpima moyo kwanza, kwa kuwa dawa ile huweza kuudhoofisha. Kisha dripu, kila wiki tatu. Alitapika. Vidole vilikufa ganzi. Siku nyingine hakusema na mtu. Na kila alipomjibu bintiye, alimjibu kwa ufupi.

Mwezi wa tatu wa dawa wakaitwa kusikia majibu ya skani. Safari hii mkalimani alikuwepo. Mzee mwenyewe alimwomba. Ummukulthum alikaa pembeni kama mgeni.

"Daktari anasema uvimbe umepungua karibu nusu," mkalimani akasema. "Anasema pia siku moja dawa itashindwa, na ugonjwa utakua tena."

Abdulsamad alimgeukia bintiye.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, baba. Yote mawili."

"Haya. Twende nyumbani. Kanipikie andazi."

Alikula moja. Polepole, mpaka likaisha.