Picha Nzito za Paea

Kila asubuhi Paea alifagia ua wa nyumba yake ya wageni, kisha akaangalia simu. Hakuna aliyeomba chumba. Nyangumi walikwishafika visiwani Vava'u, na watalii wa kuwatazama walijaza vyumba vya majirani. Vyake vilikuwa vitupu. Ikiendelea hivyo, wiki ijayo angekwenda New Zealand na vibarua wengine kupogoa mizabibu, awaache mkewe Kalolaine na mtoto mchanga. Jambo hilo lilimuuma sana.

"Tovuti ninayo, picha nzuri ninazo," alimwambia shemeji yake Seini, aliyeleta viazi vikuu. "Kizuri si chajiuza?"

Seini ndiye aliyetunza tovuti ya shule. Alifungua ya Paea kwenye simu yake. Ukurasa ukabaki mweupe. Wakasubiri. Likatokea anga, kisha nusu ya paa.

"Kizuri chajiuza kikionekana, shemeji! Mpaka nione mlango nitakuwa nimezeeka. Picha umezihifadhi kwa aina gani ya faili?"

"PNG," Paea alijibu kwa fahari. "Niliona ndiyo nzito kuliko zote. Sisi mgeni hatumpi nguruwe mdogo."

Seini alicheka mpaka akakaa chini. "Nguruwe unambeba wewe, mgeni anakula tu. Picha hii anaibeba mgeni, kwa bando lake. Akichoka, anahamia kwa jirani."

Paea aliona haya. "Kwa hiyo niweke mbaya?"

"Nani kasema? Picha za kamera, kama za bahari, watu na chakula, zihifadhi kwa JPG. Hiyo hupunguza mambo madogo ambayo jicho haliyaoni, faili likawa jepesi. PNG iachie nembo yako na michoro yenye maandishi. Nembo ukiitia kwenye JPG, kingo za herufi zinachafuka."

"Na picha zangu za mwanzo?"

"Usizifute. JPG ukiihariri na kuihifadhi tena na tena, inazidi kuharibika. Kila mara anzia kwenye ile ya mwanzo."

Wakakaa mezani, wakabadili picha moja moja. Paea alipofungua tovuti tena, nyumba yote ilitokea kabla hajameza kipande cha kiazi.

Siku chache baadaye familia moja ya Brisbane iliomba vyumba viwili. Wengine wakafuata, vyumba vikashikwa hadi mwisho wa msimu.

Paea akampigia simu msimamizi wa safari ya vibarua. "Nafasi yangu mpe mwingine," alisema. "Mimi nina wageni."

Kalolaine alimwinamia mtoto, machozi yakimtoka.

"Umesikia?" alimnong'oneza. "Baba haendi."