Penseli ya Marehemu

"Umemfuta! Umemfuta marehemu kwa kifutio, kama hesabu ya mtoto wa darasa la pili!"

"Shangazi, nimekuja mwenyewe kukuambia. Sikuletwa na mtu."

"Ulitaka uletwe na nani? Na bendi?"

Ukuta uliotenganisha nyumba hizo mbili ulifika kifuani tu, na jioni hiyo ulibeba mengi. Upande huu alisimama Nota, dada wa hifadhi ya nyaraka, bado na aproni ya kazini. Upande ule alisimama Shangazi, kilemba kimemwendea kombo, mwiko mkononi. Nyumba ya tatu, fundi cherehani alikuwa ametoka na beseni la nguo.

"Mimi sijaja kusikiliza," alisema kabla hajaulizwa. "Naanika."

"Nguo zimekauka tangu asubuhi, unaanika nini?" Shangazi alimgeukia.

"Naziongezea jua. Endeleeni tu, msinijali."

Nota hakucheka. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Nilidhani ni alama za waimbaji, Shangazi. Karatasi za kwaya zote zina penseli. 'Pumua hapa.' 'Msikimbie.' Kazini tunazisafisha ndipo tuzipige picha."

"Na uliposoma 'mwanangu,' ulidhani naye ni alama ya kupumulia?"

"Hapo ndipo mkono uliponifia."

Shangazi aliushusha mwiko. Akageuka, akaingia ndani, akaubamiza mlango hadi mbuzi wa fundi cherehani wakaruka.

Sasa tuelewane, maana mtaa ulisimulia vipande vipande na kila kipande kilitiwa chumvi.

Jina la Nota alipewa na mtaa. Kazi yake ilikuwa kutunza karatasi za nyimbo za mkoa ule: za kwaya, za bendi za tarumbeta, za shule, zilizoandikwa kwa mkono enzi hizo, ambazo panya na unyevu walikwisha kuanza kugawana. Mwaka uliopita hifadhi ilipata kinanda kikuukuu ili nyimbo zile zisikike tena, akaitwa fundi wa vinanda kukikaza nyuzi. Fundi huyo alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, jirani wa ukutani. Miaka yote Nota alimjua kwa kikohozi tu. Kazi ya siku moja Fundi aliifanya kwa miezi minne.

"Bado uzi mmoja," alikuwa akimwambia mkuu wa hifadhi kila Ijumaa.

"Kinanda kina nyuzi ngapi, kijana?"

"Kama mia mbili na kitu, mzee. Usinikimbize."

Mama yake Fundi alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya mji. Ugonjwa wa koo ulimnyang'anya sauti, kisha ukamchukua mwenyewe, Fundi akiwa na miaka tisa. Baba alikuwa ametangulia. Shangazi akamlea. Kilichobaki cha mama kilikuwa bunda la karatasi za nyimbo, limefungwa kwa utepe.

"Sijawahi kulifungua," Fundi alimwambia Nota siku alipomkabidhi. "Nilijiapiza nitalifungua siku ya harusi yangu. Sasa nimempata wa kufungua naye. Litunze, Nota wangu. Panya wa kwetu hawana adabu."

Nota alilia kwa furaha. Halafu akafanya kosa ambalo asingelifanya mtu asiyeipenda kazi yake. Alitaka siku ya harusi Fundi aikute karatasi ya juu iking'aa, ndani ya fremu. Akalegeza utepe, akaichomoa, akaanza kona ya chini, mkono wa kulia, pale vidole vya waimbaji hushika wakifungua ukurasa na uchafu hukaa zaidi. Akasugua kwa nguvu, akielekea kushoto. Akahamia ukingo wa juu, penseli iliyofifia, akaifuta kwa wepesi. Aliporudi chini kumalizia, chini ya kifutio likabaki neno moja, na mkato wake:

*Mwanangu,*

Huo haukuwa wimbo. Ilikuwa barua. Mwanamke asiye na sauti, siku zake za mwisho, alikuwa ameandika kwenye karatasi iliyokuwa karibu.

Jioni ile ile ya ukutani, ujumbe wa Fundi uliingia kabla usiku haujatanda, akiwa mji wa pili alikokwenda kutengeneza kinanda cha kanisa.

"Shangazi amenipigia. Analia. Niambie si kweli."

Nota aliandika, akafuta. Mwishowe akatuma: "Ni kweli. Ni mimi. Sina wa kumsingizia."

Simu ikaita papo hapo.

"Ulisoma nini kabla hujafuta?"

"Sikusoma, Fundi. Ingekuwa nimesoma ningefuta?"

"Hata neno?"

"Limebaki moja. Mwanangu."

Kwa nyuma alisikika mtu akibonyeza kinanda, nota ileile, mara tatu, haijakaa sawa.

"Miaka ishirini na mbili nimejizuia," alisema. "Kila nikishindwa na jambo najiambia, subiri, mama ana neno lake kwako. Nimelisubiri kama mshahara. Sasa nisubiri nini?"

"Nitukane basi. Nitukane, nitapumua."

"Sina tusi. Ningekuwa nalo ningelimaliza leo, kesho tukaendelea."

Akakata. Siku tatu baadaye ukaja ujumbe mwingine: "Wamenipa kazi ya mwaka mzima huku. Nimekubali. Usinisubiri, Nota."

Mtaa nao haukulala njaa. Wapo waliosema Nota alichoma karatasi kwa wivu, wapo waliosema aliziuza kwa wageni. Fundi cherehani, ambaye hakuwa akisikiliza, ndiye aliyekuwa akiwasahihisha wote.

"Hakuchoma, alifuta. Semeni vitu mnavyovijua."

Shangazi hakuongea na mtu. Akimwona Nota anatoka kazini, anaingia ndani. Akimwona anakwenda, anaingia ndani. Mpaka mtu akajiuliza, huyu amekasirika, au ana jambo analolikimbia?

Wiki ya tano, mchana, Nota alikuwa ghalani anatafuta boksi, mapazia yamefungwa jua lisiunguze karatasi. Tochi ikamponyoka, ikaanguka mezani ubavuni mwa karatasi ile ile. Mwanga ukapita juu yake kwa kulala, kama jua la asubuhi juu ya shamba lililolimwa. Na kama shambani, matuta yakaonekana.

Weusi wa penseli ulikuwa umeondoka, lakini mgonjwa yule alikuwa ameandika kwa kukandamiza. Mifereji ya herufi ilikuwa imebaki kwenye karatasi.

Nota aliziba mdomo kwa mkono.

Siku kumi na moja alikaa na tochi ile, akiilaza huku, akiilaza kule, akinakili herufi moja moja kwenye daftari. Ukingo wa juu ulijitokeza wote. Kona ya chini, alikosugua kwa nguvu, nyuzi za karatasi zilikuwa zimelainika. Alijaribu asubuhi, akajaribu mchana. Hakuna tuta. Aliinamisha kichwa mezani, akalia mpaka mkuu wa hifadhi akaja kusimama mlangoni, akaondoka bila kuuliza.

Jumamosi akampigia Fundi. Alipokea mlio wa tano.

"Kuna maneno yamerudi. Si yote. Njoo nyumbani kwa Shangazi, kisha sitakusumbua tena."

Fundi alikuja. Amekonda. Wakakaa watatu kwenye baraza ya Shangazi, karatasi juu ya stuli, daftari pembeni. Kutoka jikoni harufu ya kitunguu kilichokaangwa ilikuwa imejaa nyumba.

"Soma," Shangazi alisema, macho chini. "Soma yaishe."

"Ya juu yameandikwa kwako, Shangazi."

Shangazi akashika ukingo wa kiti.

"Najua," akasema polepole. "Aliandika nikiwa nimesimama pale hospitali. Akaninyooshea. Nikaugeuzia ukuta uso, akairudisha kwenye bunda."

"Shangazi?" Fundi aligutuka. "Ulijua kuna barua?"

"Nilijua. Niliogopa ameniapiza. Sikutaka kaka yangu amwoe mwimbaji wa majukwaani. Miaka yote ya ndoa yao sikukanyaga kwake, hata kaka alipokufa nilisimama uani. Ulipobeba bunda kumpelekea huyu binti, nilitaka kusema, 'Mwambie kuna maandishi.' Ulimi ukaniganda. Nikasema, heri zikae huko zisisomwe na mtu." Akamtazama Nota kwa mara ya kwanza. "Nilikutukana ukutani, mwanangu, kwa kosa ambalo nusu yake ni langu."

Nota alivuta pumzi, akasoma:

"*Wifi, hujawahi kula kwangu. Nilikuwa nakuwekea sahani kila Jumapili, kaka yako ni shahidi. Sina kinyongo. Mtoto hulala taa ikiwaka, usimzimie. Anagusa kinanda cha watu, usimchape, kiko kwenye damu. Mlishe, na wewe ule. Mlango wangu kwako haukuwahi kufungwa.*"

Shangazi alijifunika uso kwa ncha ya kilemba. Mabega yalicheza, sauti haikutoka.

"Sahani," alisema mwishowe. "Kila Jumapili. Na mimi nikipita barabara ya nyuma."

Fundi alimshika mkono. Kisha akamgeukia Nota, na uso wake ukawa kama wa mtoto wa miaka tisa.

"Na yangu?"

"Fundi..."

"Nisomee yangu."

"Mwanangu," Nota alisoma, akafunga daftari.

"Endelea."

"Hapo nilisugua sana. Nilidhani ni vidole. Nimejaribu siku kumi na moja. Hapana kitu. Nisamehe."

Fundi alichukua tochi mwenyewe, akailaza kama alivyoona Nota akifanya. Akaangalia muda mrefu. Nje fundi cherehani alikuwa ameacha hata kujifanya anaanika.

"Wewe ni mtu mkweli," Fundi alisema, akizima tochi. "Mwingine angenitungia mistari miwili, na mimi ningeamini hadi kaburini."

"Nilifikiria. Mungu anisamehe, nilifikiria."

"Ningekushukuru." Akasimama. "Nimekusamehe, Nota. Uchukue hilo, ni lako kabisa. Ila kuoana hapana. Nitakaa mezani nawe, utanipitishia chumvi, nami nitautazama mkono wako nikiwaza kilichokuwa kimeandikwa. Hayo si maisha ya kumpa mtu ninayempenda."

"Hata baadaye?"

"Usinisubiri. Nimewahi kusubiri neno miaka ishirini na mbili. Sikutakii."

Alibusu paji la uso la Shangazi. Karatasi akaisukuma kwa Nota.

"Irudi hifadhi. Usiitie fremu. Na uandike pale pembeni ya boksi kwamba imefutwa, na nani, na kwa nini. Asije mwingine akarudia."

"Nimekwisha kuandika. Na jina langu kamili."

Akatikisa kichwa kukubali, akabeba mkoba wake wa vifaa, akashuka ngazi. Walimsikiliza mpaka hatua zikapotelea barabarani. Alikohoa mara moja akikunja kona, kikohozi kile kile cha ukutani.

Muda ukapita. Nota alifuta machozi kwa aproni, akaifunga karatasi kwenye jalada lake, akainuka.

"Shangazi, naaga. Nimeshamaliza nililolijia."

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu. Hapo ng'ambo tu."

"Kwako kuna nani?"

Shangazi alijiinua kwa kushika magoti, akaingia jikoni, vyombo vikalia. Akarudi kusimama mlangoni na sahani mbili mikononi, kilemba bado kimelowa. Akatazama juu ya ukuta.

"Na wewe fundi cherehani, acha hizo nguo, njoo. Miaka yote umekula umbea wangu, leo kula chakula."

Kisha akausukuma mlango kwa bega, ukafunguka wote.

"Ingia, mwanangu. Ingia ule."