Saa Moja Bila Simu ya Mchungaji

Wadi ya wanawake ilifurika watu waliokuja kuona wagonjwa. Katikati yao mchungaji kijana, shati lake jeupe limelowa jasho mgongoni, alishika mkono wa bibi asiyemjua akaomba kwa sauti mpaka wauguzi wakageuka. Bibi akaitika "Amina!" kwa nguvu zote. Pembeni mjukuu wake, fundi cherehani aliyevaa gauni la maua ya manjano, alisubiri amalize.

"Samahani, mchungaji. Huyo mama mjamzito unayemwombea ni nani? Huyu ni bibi yangu."

Mchungaji akatazama namba ya kitanda, akagundua amekosea, akatamani ardhi immeze.

"Mwache," bibi akasema. "Maombi yameshaingia, hayatoki. Na wewe Mpotevu, kesho upotee tena. Nikikuita, utakuja?"

"Hata usiku wa manane, bibi."

Alipotea kesho yake, na siku zilizofuata. Bibi aliporudi nyumbani, mjukuu alikuwa ameshajiunga na wanaojitolea kanisani kutembelea wagonjwa, akiwashonea mashuka wasio na ndugu. Tusidanganyane, hakuingia kwa ajili ya mashuka.

Wakapendana kwa utani na vicheko. Shida ilikuwa simu. Mwenye homa alipiga, aliyegombana na mumewe alipiga, mzee wa kanisa alipiga kuuliza ufunguo uko wapi.

"Hivi nimechumbiwa na wewe au na washirika wote?"

"Vumilia, malkia wangu."

"Nimevumilia mpaka naota mvi. Leo ni siku yangu ya kuzaliwa. Izime, mpenzi. Saa moja tu."

Akaizima. Fundi naye akazima yake, ili wawe sawa. Walikaa mgahawani ghorofa ya juu, yeye na gauni la zambarau alilojishonea, na mchungaji akacheka kama mvulana. Ilikuwa saa tamu kuliko zote walizowahi kupata.

Saa hiyohiyo, nyumbani, pumzi zilimbana bibi ghafla. Akamsihi jirani amwite Mpotevu wake. Jirani alipiga, akampigia na mjukuu, akarudia tena na tena. Walipowasha simu, bibi alikuwa ameshafunikwa, kwa shuka lililoshonwa na mjukuu aliyemlea mwenyewe.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na hilo liliwaumiza zaidi. Mchungaji aliongoza mazishi, sauti ikamkatikia kaburini. Tangu siku hiyo alilala na simu kifuani. Fundi naye, kila alipoisikia ikilia, alishtuka mpaka akadondosha sindano. Wakabaki kusalimiana tu mlangoni mwa kanisa, kama wageni.

Jioni moja fundi alipeleka mashuka hospitali, akamkuta mchungaji kwenye benchi nje ya wadi ileile. Alikuwa amekonda.

"Naacha uchungaji," akamwambia. "Nitafute kazi ambayo mtu akitoka, ametoka. Nikuoe, tuishi kama watu wengine. Sema ndiyo tu, mama."

Fundi akaangua kilio. Alimpenda, jamani, na jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Nikikubali, nitakuwa nimekuzima tena," akasema. "Safari hii moja kwa moja."

"Bibi angetaka tuoane."

"Bibi alikuita, mpenzi. Alikuita wewe."

Simu ikalia. Mchungaji aliitazama tu, machozi yakimtiririka, hakuipokea. Ikaendelea kulia, wapita njia wakageuka. Fundi akainyakua.

"Haloo? Hapana, mimi si mama mchungaji." Akamtazama mchungaji. "Ndiyo, yupo. Yuko wadi gani? Kitanda cha dirishani? Mwambieni anakuja sasa hivi."

Akamrudishia simu, akamweka sawa kola ya shati, kiganja chake kikakawia kidogo shingoni pake.

"Kitanda cha dirishani," akamwambia. "Usipotee."